Chaza Hana Miguu

Wanangu wa Kinampanda, sogeeni karibu. Najua kutoka huku kwetu mpaka baharini ni mwendo mrefu, na wengi wenu bahari mmeiona kitabuni tu. Hata hivyo nataka kuwasimulia habari za kiumbe mmoja wa huko, kwa sababu sheria inayolinda makazi yake katika pwani ya Tanzania Bara ndiyo hiyo hiyo inayolinda Ziwa Kitangiri, hapa hapa wilayani kwetu Iramba.

Kiumbe huyo ni chaza. Akiwa mchanga huelea majini kwa wiki mbili au tatu, mdogo mno hata jicho halimwoni vizuri. Kisha hutafuta mahali pagumu: mwamba, mzizi wa mkoko, au gamba la chaza mwenzake. Akishapapenda, hujigandisha kwa gundi inayotoka mwilini mwake, na hapo ndipo kwake mpaka kufa. Maji yakichafuka, samaki hukimbia. Chaza hubaki.

Sasa mtaniuliza, asiyetembea anakula nini? Hufunua magamba yake kidogo, akavuta maji, akayachuja kwenye matamvua kama mama anavyochuja chai. Vijimea vidogo hubaki ndani, maji yakatoka yakiwa safi zaidi. Chaza mmoja mkubwa wa aina inayopatikana Marekani, hali ikiwa nzuri, anaweza kuchuja hadi lita 190 kwa siku. Hesabuni wenyewe: ni madumu tisa na nusu ya lita ishirini, kazi ya mnyama anayeenea kiganjani!

Lakini chujio huziba. Mtu akifyeka mikoko ili ajenge hoteli, mvua ya kwanza huuchukua udongo ulioachwa wazi na kuumwaga baharini. Tope hushuka polepole, likafunika mwamba, likaingia kwenye matamvua. Chaza wakubwa hukosa pumzi, na wachanga wanaotafuta pa kujigandisha hawapaoni tena. Kombe, jamaa wa chaza ambao hujifukia kwenye mchanga na kati ya nyasi za baharini, nao hufunikwa.

Majirani zetu wa Lamu, Kenya, wanajua uchungu wa mambo haya. Kwa ajili ya bandari mpya huko, sakafu ya bahari ilichimbwa ili meli kubwa zipite, na wavuvi walikwenda mahakamani kuhusu mradi huo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Ni ushindi mkubwa, nami nauheshimu. Ila fidia hulipwa mtu akiwa ameshaumia, wala haimrudishi kiumbe aliyekwisha kufa.

Ndiyo maana mimi napenda zaidi mfano wa Unguja, kwenye rasi ya Fumba, ndani ya eneo la hifadhi la Ghuba ya Menai lililotangazwa mwaka 1997. Huko kina mama hungoja maji ya bamvua, bahari inapotoka mbali, wakashuka na ndoo kuokota chaza na kombe. Walipoona magamba yanazidi kuwa madogo na safari zinazidi kuwa ndefu, walikaa na wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, na mwaka 2006 wakatenga sehemu ambazo haruhusiwi mtu kuokota, ili chaza wakue na kuzaana. Waliokubali kujinyima ni wale wale ambao kitoweo chao na ada za watoto wao hutoka pale ufukweni.

Na huku Bara je? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Anayetaka kujenga hoteli ya ufukweni lazima kwanza afanye tathmini ya athari kwa mazingira, isimamiwe na chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. Lakini chombo hicho hakiwezi kulala katika kila ufukwe. Anayeona lori la kwanza la mawe likimwagwa ni mwanakijiji. Sheria hiyo hiyo inazitaka halmashauri ziwe na maofisa wa mazingira, na inatambua kamati za mazingira mpaka ngazi ya kijiji. Halmashauri ya kijiji nayo inaweza kutunga sheria ndogo, ikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Ofisa akifumba macho, au mwenyekiti akitia saini bila kwenda kutazama mahali penyewe, mita 60 hubaki kwenye karatasi.

Ziwa Kitangiri halina chaza wa baharini, lakini lina samaki na wavuvi wanaolitegemea, na ukingo wake unapimwa kwa mita zile zile 60. Nyinyi mkitimiza miaka 18 mtakuwa wajumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Nawaomba msikose. Siku mtakapoletewa habari za mtu anayetaka kujenga karibu na maji, ulizeni: je, umbali umepimwa, nani kaupima, na tathmini iko wapi tuisome?