Ziara ya shamba: somo la Nagongera lisilohitaji basi

Barua ya ziara ya masomo inapofika nyumbani, mzazi huanza kuhesabu: nauli ya basi, chakula, kiingilio. Mwenye watoto watatu shuleni huchagua mmoja wa kwenda. Kwa familia nyingi za wakimbizi, hakuna anayekwenda.

Lakini kilimo na mazingira ni sehemu ya somo la sayansi katika shule za msingi za Uganda, na sehemu hiyo inaweza kufundishwa kwa miguu. Chukua mfano wa Nagongera, mji mdogo wa wilaya ya Tororo ulio kando ya reli itokayo Malaba kwenda Kampala. Mashamba ya eneo hilo yana mihogo, mtama, ulezi na karanga, na mabondeni kuna mpunga. Darasa zima linaweza kwenda asubuhi na kurudi kabla ya jua kali.

Tuanze na mihogo, kwa sababu hapo ndipo njaa inapoingilia. Wakulima wengi, wenyeji kwa wakimbizi, hupata pingili za kupanda kwa jirani, na ugonjwa husafiri ndani ya pingili hizo. Batobato huonekana wazi: majani hupata mabaka ya njano na kujikunja. Michirizi ya kahawia, ambayo ilirudi kwa nguvu Uganda tangu 2004, ni mjanja zaidi. Shina linaweza kuonekana zuri, kumbe muhogo wenyewe umeoza kwa ndani. Mwombeni mkulima ang'oe mmea mmoja na kukata muhogo vipande, watoto waone madoa makavu ya kahawia. Kisha wageuze jani watafute nzi weupe, wadudu wadogo sana wanaoeneza magonjwa yote mawili.

Mtoto aliyeona hayo anaweza kumzuia mama yake asipande pingili mbovu. Katika makazi kama BidiBidi, ambako familia zilipimiwa kiwanja cha mita 30 kwa 30, msimu mmoja ukiharibika hakuna shamba la pili la kukimbilia.

Kwenye mahindi na mtama, watafute kiduha, gugu lenye maua ya zambarau ambalo watoto hulipenda kwa uzuri wake. Linanyonya mizizi ya mazao. Mmea mmoja hutoa mbegu makumi ya maelfu, na mbegu hizo hukaa ardhini zaidi ya miaka 10, kwa hiyo ling'olewe kabla halijachanua. Baadhi ya wakulima wa Busia, Kenya na Uganda, hutumia njia ya sukuma-vuta iliyotoka kituo cha ICIPE nchini Kenya: desmodiamu hupandwa katikati ya mahindi ili kuzuia kiduha na kufukuza funza wa mabua, na majani ya tembo huzunguka shamba ili kuwavuta funza hao nje. Mkiwa karibu na shamba la namna hiyo, msilipite.

Mwisho, dimbwi. Utafiti wa 2011 na 2012 ulikadiria kwamba mtu mmoja Nagongera aliumwa na mbu wenye malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Upulizaji wa dawa ndani ya nyumba, ulioanza mwishoni mwa 2014, ulipunguza sana hali hiyo. Mwalimu achote maji kwa kikombe cheupe. Viluwiluwi vya mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji; vya mbu wengine huning'inia kichwa chini. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, kwa hiyo hatari ya mchana ni nyingine: watoto wasiingie majini, kwa sababu ya kichocho na kuzama.

Walimu waombe ruhusa ya mwenye shamba siku kadhaa kabla. Katika makazi, anayefundisha siku hiyo anaweza kuwa mzee aliyelima mihogo Kivu kwa miaka mingi, akisaidiana na jirani mwenyeji anayeijua ardhi ya hapa. Na ikiwa watoto wamepewa majembe wakapalilia hadi mchana bila kuelezwa chochote, hiyo ni kazi ya bure ya mwenye shamba, na mzazi ana haki ya kwenda kuuliza shuleni.