Kukaa Siyo "Stay" Kila Mara

Wengi wetu tunapiga hesabu za kwenda nje kunoa Kiingereza, iwe kabla ya shahada ya pili au baada tu ya kumaliza chuo. Tunahangaika na ada, pasipoti na tiketi. Tunachosahau ni kwamba fomu ya viza yenyewe ni mtihani wa Kiingereza, na mtihani huo hauna sapu. Ukikataliwa, ada ya maombi imekwenda.

Tuchukue Uingereza. Anayekwenda kusoma lugha ana njia tatu. Kozi isiyozidi miezi 6 inasomwa kwa viza ya kawaida ya matembezi, mradi chuo kiwe kinatambuliwa. Kozi ya miezi 6 hadi 11 ina viza yake ya masomo ya muda mfupi, ya Kiingereza peke yake, kwa mwenye miaka 16 au zaidi. Ukitaka zaidi ya hapo, au ukitaka shahada, unaingia kwenye viza ya mwanafunzi, na hiyo huombi mpaka chuo chenye leseni kikupe namba ya uthibitisho wa nafasi. Chagua njia mapema, maana ile ya miezi 6 hadi 11 haiongezwi ukiwa kulekule.

Sasa twende kwenye maneno yanayotuponza.

"Kukaa". Sisi tunakaa kwenye kiti, tunakaa Sinza, tunakaa hotelini siku mbili. Kiingereza kinagawa: "sit", "live", "stay". Ukiandika "I want to stay in London" ukimaanisha utapanga chumba, ofisa anaweza kuelewa kwamba unataka kubaki moja kwa moja. Na moja ya kazi zake ni kupima kama utaondoka kozi ikiisha. Andika "I will live with a host family during my eight-month course". Ukitaja muda, utata umekwisha.

"Baba". Nyumbani baba mdogo ni baba, hakuna mjadala. Kwenye fomu "father" ni yule wa kwenye cheti cha kuzaliwa. Ukijaza kwamba "father" ndiye analipa, halafu taarifa ya benki ikaja na jina jingine, unaweza kuonekana umedanganya, na udanganyifu kwenye maombi unaweza kukufungia mlango miaka 10. Andika "uncle", eleza kuwa ni mdogo wake baba. Hili lina uzito, kwa sababu kwenye viza ya mwanafunzi hela ya mzazi au mlezi wa kisheria inakubalika, ila akaunti ya baba mdogo asiye mlezi wako kisheria haikusaidii. Tena hela hiyo iwe imelala benki siku 28 mfululizo. Kwenye masomo ya muda mfupi ndugu anaweza kukugharamia, ila uhusiano wenu uelezwe.

"Kuazima". Naazima kwako, nakuazima wewe: kitenzi kilekile, pande zote mbili. Kiingereza kina "borrow" kwa anayechukua na "lend" kwa anayetoa. "My uncle borrowed me money" ni kosa la sarufi, na juu yake inanukia deni. Kama hela ni ya msaada na hutairudisha, sema "My uncle is paying my fees".

"Field". Kwetu kila mwanachuo anajua kwenda field. Msomaji wa London anaona shamba au uwanja. Wao wanasema "work placement". Lakini usikimbilie kubadilisha neno tu: viza ya masomo ya muda mfupi hairuhusu kazi yoyote, hata ya bure, hata hiyo ya mafunzo. Ukiitaja kwenye mipango yako, umejikaanga mwenyewe.

"Sponsor". Tumezoea kwamba ni anayetulipia. Kwenye viza ya mwanafunzi ya Uingereza, "sponsor" ni chuo chenye leseni kinachokupokea. Soma swali lote kabla ya kujaza jina la mjomba.

"Leave". Utakutana na "leave to enter" na "leave to remain". Hapo hakuna kuondoka wala likizo. Ni neno la sheria, maana yake ruhusa: ruhusa ya kuingia, ruhusa ya kubaki.

Marekani nako maneno yana bei. Kozi ya Kiingereza ya saa 18 au zaidi kwa wiki darasani inahitaji viza ya F-1, na sheria inamtaka ofisa aanze na dhana kwamba unataka kuhamia, mpaka wewe umwonyeshe vingine. Usaili wenyewe mara nyingi ni wa dakika chache, kwa hiyo "stay" moja iliyokaa vibaya inaweza kula nusu ya muda wako.

Ushauri ni huu. Andika kwanza maelezo yako kwa Kiswahili: unakwenda wapi, kusoma nini, muda gani, nani analipa, ukirudi unafanya nini. Ndipo uyaandike kwa Kiingereza, sentensi fupifupi. Kisha mpe mwenzako asome na akueleze alichoelewa. Akielewa tofauti na ulivyokusudia, rekebisha hapohapo, kabla hujalipia.