Mechi Moja Tu, Dada

Nilikwenda Haraj bin Qasim, soko la vitu vilivyotumika hapa Riyadh, kutafuta sufuria ya umeme ya kupikia wali. Nilirudi na PlayStation.

Si hii ya siku hizi. Ni ile ya kwanza, ya kijivu, ila imepunguzwa mpaka inakaa kwenye kiganja. Muuzaji alitaka riyali 200, tukaelewana 150. Mwenzangu wa wodini, Mfilipino, aliniuliza ninamnunulia mtoto yupi, kwa kuwa anajua sina. Nikamwambia ni ya mdogo wangu aliyeko Jeddah. Sikumwambia kwamba mimi na huyo mdogo wangu tulikuwa tunasalimiana kwa meseji za Idd tu.

Kama umekulia kwetu miaka ile, kibanda cha gemu hahitaji mtu kukuelezea. Chetu kilikuwa Ngamiani, Tanga: mabati, benchi mbili, televisheni moja, na foleni ya watoto wenye shilingi 50 mkononi, nyingi zikiwa ni pesa za maandazi ya shule. Mpira uliochezwa mle ni Winning Eleven ya Konami, sidii za kunakili, maandishi yote ya Kijapani. Hakuna aliyejua kusoma hata neno moja, lakini kila mtoto alijua ubonyeze wapi ili upate Nigeria. Mashine ikichoka, mwenye kibanda aliigeuza kichwa chini ikaendelea kusoma. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua sababu: plastiki iliyobeba lenzi ilikuwa inapinda kwa joto, na ukiigeuza, lenzi inarudi mahali pake. Yule kaka alikuwa fundi bila cheti.

Mimi mtoto wa kike sikukaa kwenye benchi zile. Kazi yangu ilikuwa kutumwa na mama kwenda kumwita mdogo wangu. Nilisimama mlangoni, naye bila kugeuza shingo akasema, "Mechi moja tu, dada." Nami nilisubiri, kwa sababu nilikuwa nataka kuona. Wakati mwingine umeme ulikatika katikati ya mechi, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza: nani alikuwa anaongoza, nani arudishiwe hamsini yake.

Wenye viwanda wamegundua kwamba watoto wa foleni zile sasa wana mishahara. Nintendo ndiyo iliyofungua njia Novemba 2016, ilipoitoa upya mashine yake ya miaka ya 80 ikiwa ndogo, na gemu 30 ndani. Ndani ya miezi michache ziliuzwa zaidi ya milioni 2. Mwaka uliofuata ikatoa ya pili. Sony nao wakatoa yao tarehe 3 Desemba 2018, siku ile ile ambayo PlayStation ya kwanza iliingia madukani Japani mwaka 1994. Ilianza kwa dola 100, gemu 20, pedi mbili, na chaja hawakuweka. Haikupendwa sana. Bei ikashuka mapema, na nadhani ndiyo maana nyingine zimeishia Haraj.

Hapa Saudia ugonjwa huu nao upo. Daktari mmoja wa Kisaudi ninayefanya naye kazi aliposikia habari ya ununuzi wangu, aliacha faili alilokuwa anaandika akaanza kunisimulia Sakhr, kompyuta za Kiarabu za miaka ya 80 zilizokuwa zinachomekwa kwenye televisheni. Anakumbuka hata rangi ya zulia alilokalia. Nchi yenyewe imeingia kwenye gemu kwa mabilioni: mwaka 2024 Riyadh iliandaa Kombe la Dunia la michezo ya kielektroniki, zawadi zake dola milioni 60, na kampuni ya SNK ya Japani, iliyotengeneza King of Fighters, leo karibu yote ni mali ya taasisi ya Mwanamfalme Mohammed bin Salman. Lakini daktari wangu hakuzungumzia hayo. Alizungumzia zulia, na binamu yake aliyekuwa akimnyang'anya zamu.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu. Miaka mitatu iliyopita baba alilazwa. Mdogo wangu alikuwa ameshakata tiketi. Mimi ndiye muuguzi wa familia, mwenye diploma ya nyumbani na digrii ya nje, kwa hiyo simu zote zilipitia kwangu. Nikasoma majibu ya vipimo kwenye WhatsApp, nikamwambia asubiri mwisho wa mwezi, hali inatia moyo. Akaahirisha. Siku ya nne baba akafariki. Mdogo wangu hakuwahi kunitukana wala kunilaumu mbele ya watu. Alinyamaza tu.

Riyadh hadi Jeddah ni zaidi ya kilomita 900. Nilipanda ndege Alhamisi jioni, mashine ikiwa ndani ya mkoba, nimeifunga kwa kanga. Alipoifungua alicheka, kisha akaanza kupekua orodha. Akapekua tena. "Mpira uko wapi?" Katika gemu zote 20 hakuna hata mpira mmoja! Mwanawe wa miaka tisa naye akauliza, "Shangazi, mbona haina intaneti?"

Ikabaki Tekken 3. Wachezaji wa Marekani walilalamika kwamba humu imewekwa ya toleo la Ulaya, inayokwenda taratibu kidogo. Sisi hatukuona kasoro. Nikamchagua Eddy Gordo, yule Mbrazili wa kupiga mateke akicheza, kwa sababu na Eddy huhitaji akili: bonyeza chochote. Nikampiga mara tatu mfululizo. Mtoto alishangilia mpaka wifi yangu akatoka jikoni kuangalia kuna nini.

Usiku, mtoto kalala, tulikuwa bado tumekaa chini. Macho yake yalikuwa kwenye televisheni.

"Ningekwenda tu, dada. Tiketi nilikuwa nayo."

"Mimi ndiye niliyekwambia usubiri."

"Ndiyo. Wewe ndiye."

Nilingoja aendelee. Hakuendelea. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, mimi ninayechoma watu sindano kila siku. Akabonyeza, pambano jipya likaanza, na huku umeme haukatiki, kwa hiyo tulicheza mpaka karibu na alfajiri.

Mashine niliiacha kwao. Jumatano, katikati ya zamu ya usiku, meseji yake ikaingia, na Idd ilikuwa bado miezi miwili: "Dada, huyo Eddy wako hatumtaki tena nyumba hii. Unakuja lini?"