Moyo wa mamba haukuachwa nusu

Mwanafunzi wa sekondari Handeni au Korogwe hufundishwa moyo kwa hesabu: samaki vyumba viwili, chura vitatu, wanyama watambaao vitatu na ukuta usiokamilika, ndege na mamalia vinne. Ni rahisi kukariri, lakini inamwachia dhana kwamba kobe na kenge wana moyo ambao maumbile yalishindwa kuumaliza. Ushahidi unasema vingine. Kweli chumba cha chini cha moyo wa kobe ni kimoja, na damu iliyotoka mapafuni inaweza kuchanganyika humo na ile iliyorudi kutoka mwilini. Lakini kobe akijikunyata gambani na kuacha kupumua, mishipa ya mapafu hubana na damu nyingi hugeuzwa kwenda mwilini; akivuta pumzi, mapafu hupata tena fungu lao. Kwa mnyama asiyepumua mfululizo, ya nini kusukuma damu kwenye mapafu yasiyo na hewa mpya? Kenge, ambaye ni mwindaji wa mbio, naye ana chumba kimoja cha chini, ila ukingo wa msuli hukigawa kila moyo unapojikamua, hata damu ya mwilini ikasukumwa kwa shinikizo kubwa kuliko ya mapafuni. Kuhesabu vyumba hakuoneshi hayo.

Anayevuruga hesabu kabisa ni mamba, ambaye yumo Mto Pangani unaopita Korogwe. Moyo wake una vyumba vinne kamili. Hata hivyo, mshipa mkuu wa kushoto huanzia chumba cha chini cha kulia, chenye damu iliyopungukiwa oksijeni, na huungana na mshipa mkuu wa kulia kwa tundu dogo alilolieleza Mtaliano Bartolomeo Panizza mwaka 1833. Penye njia ya kwenda mapafuni kuna vinundu vinavyoingiliana kama meno ya gia. Vikibana, shinikizo hupanda upande wa kulia, na damu hufuata mshipa wa kushoto kuelekea tumboni. Damu hiyo ina kabonidayoksaidi nyingi, ambayo tumbo huitumia kutengeneza asidi. Mwaka 2008 Colleen Farmer wa Chuo Kikuu cha Utah na wenzake walionesha, kwa mamba wa Marekani, kwamba njia hiyo ya kwenda tumboni ikizibwa, asidi hutoka polepole zaidi baada ya mlo. Kwa anayemeza nyama na mifupa, si jambo dogo.

Wapo wanaopinga. Watafiti wengine waliiziba njia hiyo kwa mamba wachanga, nao wakakua sawa na wenzao. Kwa hiyo, wanasema, huenda ni urithi wa mababu usio na kazi kubwa leo. Hoja hiyo ina uzito, ingawa mamba anayelishwa maabara hapambani na njaa wala mkondo wa mto. Lakini hata tukiikubali yote, inatilia shaka faida tu. Haithibitishi kasoro yoyote, na kasoro ndiyo mwanafunzi anayoachiwa akilini.

Moyo huo unamhusu pia anayeishi kando ya mto: mamba akizama, mapigo yake hupungua na matumizi ya oksijeni hushuka, akaweza kutulia chini muda mrefu bila kuibuka. Kwa hiyo anayechota maji au kufua kando ya Pangani asiamini kwamba mto ni salama kwa kuwa tu ametazama kitambo na hakuona kitu.