Karata Tatu Mezani: Dau Liendelezwe Lini?

Karata ni burudani ya jioni iliyozoeleka Buyenzi na Bwiza, mitaa ya Bujumbura ambako Kiswahili kimeota mizizi. Katika jamii ya michezo hiyo, poka ya Texas humpima mchezaji kwa subira na hesabu, wala si kwa bahati peke yake.

Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Baada ya madau ya kwanza, karata tatu hufunuliwa mezani ziwe za wote. Aliyepandisha dau mwanzoni hutazamwa na wenzake kama mwenye nguvu. Je, aendelee kutia dau hata kama karata hizo tatu hazikumfaa?

Hesabu yatoa mwanga. Mwenye karata mbili zisizolingana hupata jozi kwa karata hizo tatu takriban mara 1 katika 3. Mara 2 hukosa. Mpinzani wake naye hukosa vivyo hivyo, na hapo ndipo ujasiri hulipa. Tuseme mezani pana faranga 600, naye atia 300. Dau hilo halimtii hasara iwapo mpinzani ataacha karata zake walau mara 1 katika 3.

Lakini idadi ya wapinzani hugeuza mambo. Ikiwa kila mmoja huacha mara 6 katika 10, dau hilo mbele ya mtu mmoja lina faida. Mbele ya watu watatu, wote huacha kwa pamoja takriban mara 1 tu katika 5. Hiyo ni hasara.

Sura ya meza nayo itazamwe. Ree, saba na mbili za rangi mbalimbali humwogopesha mpinzani, kwa kuwa aliyepandisha dau hudhaniwa kuwa na ree. Kinyume chake, tisa, nane na saba, mbili kati yake zikiwa za kopa, humpa mpinzani sababu nyingi za kubaki. Hapo asiye na kitu na apishe zamu. Tena, kumtishia mtu asiyeacha karata zake kamwe ni kupoteza fedha bure.

Askari ataitambua hekima hii upesi: kusonga mbele jana si sababu ya kusonga mbele leo, iwapo ardhi imebadilika. Fedha iliyokwisha kuwekwa mezani si mali ya mchezaji tena. Aamue kwa yale ayaonayo sasa.

Hekima hiyo hiyo yafaa nyumbani. Anayeongeza dau ili kurudisha alichopoteza hucheza kwa hasira, na hesabu humtoka kichwani. Punje za maharage zatosha kuufurahia mchezo huu pamoja na jamaa. Mshahara wa mwisho wa mwezi una wenyewe: unga, karo ya watoto na kodi ya nyumba. Huo usiwekwe mezani.