Koti Lililofumuka Mvuani

Wajukuu zangu, sogeeni. Hadithi ya leo haina sungura, lakini fisi wamo tele, tena wamevaa suti.

Mwaka 1861 Wamarekani waligawanyika, kaskazini na kusini, wakaanza kupigana. Serikali ya Rais Abraham Lincoln ikahitaji kila kitu kwa wingi na kwa haraka: makoti, viatu, farasi, bunduki. Wafanyabiashara wakanusa. Wapo waliookota matambara makuukuu ya sufu, wakayachambua, wakayashindilia kwa gundi mpaka yakafanana na kitambaa kipya. Koti likishonwa, ukilitazama unalipenda. Mvua ikinyesha, gundi inaachia, mshono unafumuka, na askari anabaki ameshika nyuzi.

Bunduki nazo zina kisa chao. Jeshi liliuza bunduki fupi 5,000 za zamani kwa dola 3.50 kila moja. Zikapita mikononi mwa walanguzi, zikafanyiwa marekebisho kidogo, kisha zikauzwa kwa Jenerali John Frémont, wa jeshi lile lile, kwa dola 22! Cha kuudhi, baadaye walipodai salio lao mahakamani walishinda. Bei ilikuwa ya aibu, lakini ilikuwa imekubaliwa.

Machi 2, 1863 Bunge likapitisha sheria ya kuwabana wanaoidai serikali kwa uongo. Raia alitozwa dola 2,000 pamoja na mara mbili ya hasara aliyoitia serikali, na mtu aliyemfikisha mahakamani alipata nusu. Hapo hata mshirika wako wa biashara unaanza kumwogopa! Mwanajeshi yeye alikwenda mahakama ya kijeshi, ambayo iliruhusiwa kumpa adhabu yoyote isipokuwa kifo.

Kipande hicho cha wanajeshi kingali hai. Leo ni Ibara ya 124 ya sheria za kijeshi za Marekani. Tuseme lori limefika kambini na magunia 80 ya unga, na hati inasema 100. Sajenti wa bohari, ambaye wameshaelewana na mwenye mzigo, hahesabu hata gunia moja; anatia sahihi. Ameshanaswa. Au askari ana mke huko Texas, lakini kwenye fomu ya posho ya nyumba anaandika kuwa mke anaishi New York, kwenye kodi kubwa, ili posho inenepe. Huyo naye yumo.

Naona mmoja wenu anataka kuuliza: je, karani akishtuka mapema, na hela zisitoke? Kosa limeshatimia pale askari alipopeleka dai huku akijua ni la uongo. Anaweza kufukuzwa jeshini kwa fedheha na kufungwa hadi miaka 5. Aliyekosea hesabu bila kujua hana kesi kwenye ibara hii, ila ajiandae kukatwa mshahara mpaka hela za watu zirudi.