Je, Wajua? Makontena Mawili Hufanya Ukumbi

Katika wilaya za Kasulu na Kibondo nchini Tanzania, ambako kambi ya Nyarugusu ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na ambako kambi ya Nduta ilifunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipoingia kwa wingi, haja ya madarasa, zahanati na maghala aghalabu hutangulia tanuri za matofali ya kuchoma. Hapo kontena la mizigo la futi 20 laweza kusaidia, ila kwa rai yangu halifai peke yake kuwa darasa, maana upana wake ni mita 2.44 tu, na chuma chake huwaka adhuhuri. Bali mawili yakiwekwa yakitazamana, na paa la bati likaezekwa juu yake kwa kuacha nafasi ya upepo, katikati hupatikana ukumbi wa jamaa wote, na kila upande stoo ya kutiwa kufuli. Uzito wa juu hushukia nguzo nne za pembeni za kila kontena, lakini kuta zenye mikunjo ndizo zilizuiazo lisipinde, hivyo kila dirisha likatwalo sharti litiwe fremu ya chuma. Kadhalika sakafu yake ya mbao kwa kawaida imetiwa dawa ya kuua wadudu, nayo yapasa ifunikwe vema kabla watoto hawajaketi.